Mwambiwa Namba Moja

Mke wangu huandika mwongozo wa kitu kabla kitu chenyewe hakijakuwepo. Ndiyo kazi yake, na ndivyo alivyo. Ukimwambia unataka kujenga banda la kuku, atakuuliza kwanza: mlango unafungukia ndani au nje? Nani anafungua? Akishafungua, nani anaambiwa? Ukishindwa kumjibu anakutazama kwa huruma, kisha anakwambia nenda kafikirie. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa thelathini huu navuta waya kwenye nyumba za watu, na nakwambia kweli, hakuna bosi aliyewahi kunitoa jasho kama mwanamke huyu na kalamu yake.

Kazini kwake wanamwita Bi Mwongozo. Mwanzoni walikuwa wanamcheka, siku hizi wanamwita hivyo kwa adabu, tena wakiwa wamesimama. Nyumbani mimi namwita Mama Jicho, naye ananiita Baba Jicho, kwa ajili ya binti yetu. Jicho ndiye mtoto wetu wa pekee. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na nadhani kwa sababu hiyo anaona kupita kiasi. Ukinuna, anajua tangu uko mlangoni. Ukificha kitu, yeye ndiye atakayekuuliza kwa nini umekihamisha. Ana miaka ishirini na mitatu na ameajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji, kukagua maandishi kabla hayajachapwa. Yaani mtoto huyu anakula mshahara kwa kutafuta makosa ya watu. Mungu amsaidie atakayemwoa.

Sasa nikueleze kazi ya mama yake, maana hata mimi ilinichukua miaka kuielewa. Watengenezaji wa programu za kompyuta hawaandiki kila kitu wenyewe. Kuna vipande vilivyokwisha kutengenezwa, wanaviazima na kujenga juu yake, na fungu la vipande hivyo wanaliita maktaba. Maktaba ya mke wangu inashughulika na matukio. Tukio ni jambo lolote linalotokea: kitufe kimebonyezwa, mlango umefunguliwa, maji yamechemka. Kuna anayetangaza tukio, na kuna anayetaka kuambiwa likitokea. Maktaba inakaa katikati, inachukua habari huku inapeleka kule.

"Kumbe umbea!" nilimwambia siku aliyonieleza.

"Umbea wenye utaratibu," alinijibu, wala hakucheka. "Na kupeleka habari si tatizo, Baba Jicho. Tatizo ni dirisha."

Dirisha, kwa lugha yake, ni ile sehemu ambayo watu wa nje wanaiona: majina ya amri, unachotakiwa kutoa na unachopewa. Nyuma ya dirisha unaweza kuvunja na kujenga utakavyo, hakuna atakayejua. Lakini dirisha likishafunguliwa na watu wakapanga foleni mbele yake, huligusi tena. Ukibadilisha jina la amri moja tu, programu za watu mia zinakufa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana alikaa miezi saba akichagua majina, na ndiyo maana ukutani juu ya meza yake alibandika karatasi yenye herufi kubwa: KISICHOANDIKWA KWENYE MWONGOZO HAKIPO. Amri ikifanya jambo ambalo mwongozo haulisemi, anaing'oa. Mwongozo ukisema jambo ambalo amri hailifanyi, huo ni uongo, na afadhali umtukane mama yake kuliko kumwambia ameandika uongo.

Majaribio yote alitufanyia sisi. Kila ukurasa ulikuja mezani kwetu kabla haujaenda kwa wakubwa zake, na sheria ilikuwa moja: tusipoelewa, inabadilishwa amri, hatubadilishwi sisi. Nakumbuka ukurasa wa kwanza kabisa. Tulikuwa tumemaliza kula, Jicho anafuta meza. Mama yake akaanza kueleza kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, kama tunavyozungumza sote nyumbani.

"Amri hii inaitwa sikiliza. Ukitaka kujua mlango ukifunguliwa, unaandika: sikiliza mlango. Na wewe unaitwa msikilizaji."

Jicho akaweka kitambaa chini. "Mimi sisikilizi," alisema kwa mikono.

"Ni jina tu, mwanangu. Dunia nzima wanaita hivyo."

"Dunia nzima wanasikia. Mimi taa inaniambia. Niite mwambiwa."

Mke wangu akachukua kalamu. Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia, nikapigwa mgongo na wote wawili. Kesho yake amri ikaitwa niambie. Ya kuacha kuambiwa nilichangia mimi, na sioni haya kujisifu. Yeye alikuwa na neno refu la kiofisi, ukimaliza kulitamka chakula kimepoa. Nikamwuliza, "Mama Jicho, mimi nikikuchosha na maneno yangu unaniambiaje?" Akasema, "Inatosha." Haya basi! Mpaka leo amri ni inatosha, na huko ofisini kwao hakuna anayejua kwamba neno hilo limetoka kwa fundi umeme.

Ukurasa wa tisa ndio uliokuja kututoa roho, kwa hiyo nitauelezea vizuri. Ulisema hivi: kila mwambiwa akisajiliwa hupewa namba. Wa kwanza hupewa moja, wa pili mbili, kwa mfuatano, bila kuruka. Namba hiyo ndiyo unayoirudisha ukisema inatosha, ili maktaba ijue ni nani wa kuachwa. Na namba ikisharudishwa haipewi mwingine, usije ukamwondoa mtu asiyehusika. Anayetaka kuanza tena kwenye moja, lazima afute zote, asajili upya kuanzia mwanzo. Jicho alipousoma aliandika pembeni kwa kalamu yake nyekundu: Safi. Mtoto huyu hajawahi kumwandikia mtu safi. Mama yake aliitunza karatasi ile kwenye bahasha.

Lakini usidhani mambo haya yalianzia ofisini. Yalianzia kwenye chumba chetu cha nyuma, Jicho akiwa na miaka saba. Alijifungia humo kwa ndani, akalala juu ya rundo la nguo za kupiga pasi, na pasi ilikuwa imeachwa juu ya blanketi. Moshi ukaanza kutoka chini ya mlango. Mke wangu alikuwa anaupiga mlango kwa viganja vyote viwili na kumwita mtoto kwa jina, anapiga kelele, anamwita mtoto asiyesikia, anajua hasikii, na bado anamwita. Mimi nilitoka uani na nyundo, nikavunja kitasa. Jicho alitoka anakohoa, mzima kabisa, amekasirika kwamba tumemwamsha.

Mama yake alishinda naye kifuani mpaka jioni. Kisha akaja akanishika mkono. "Baba Jicho, nifungie taa." Wiki ile nilifunga taa kila chumba. Ukibonyeza kitufe nje, ndani panawaka. Maktaba yote inayotumiwa leo na watu wasiotujua, babu yake ni ile taa.

Basi mwaka huu Jicho akatutangazia asubuhi, mkate ukiwa mdomoni, kwamba amepata chumba karibu na kiwanda, mitaa minne kutoka kwetu. Chumba kimoja, jiko dogo, mlango wake mwenyewe. Anahama tarehe moja.

Mama yake alikoroga chai isiyo na sukari kwa muda mrefu. "Tutaweka vifaa," alisema hatimaye. "Mlangoni, dirishani, vya moshi na vya maji. Kila kimoja na taa yake."

"Sawa," alisema Jicho. "Lakini kwangu ni kwangu, mama. Hakuna kuja kuja. Na kila kitu kitakachowekwa nitakisoma kwanza kwenye mwongozo. Taa nitazisajili mwenyewe."

Wakapeana mikono juu ya meza kama wafanyabiashara. Ikawa pia ndiyo jaribio la mwisho la maktaba. Likienda vizuri, toleo la kwanza linatoka baada ya siku kumi, dirisha linafunguliwa, na hakuna kugusa tena.

Nilivuta waya siku mbili. Siku ya pili, mchana, Jicho yuko kazini, mke wangu alikuwa ameketi juu ya godoro jipya ambalo bado lina nailoni, kompyuta mapajani, anaandaa kisanduku kidogo cha kupokea matukio na kuyapeleka kwa mtandao. Akaniambia bila kunitazama, "Nyumbani, kwenye rafu iliyo juu ya meza yangu, nifungie balbu ndogo nyekundu."

"Ya nini?"

"Ya kwangu."

Nikateremka kwenye ngazi. "Jicho anajua?"

Akaendelea kubonyeza. "Baba Jicho, siku ile ulikuwa uani na nyundo. Safari hii nyundo iko mitaa minne mbali."

Nilikumbuka vile viganja vyake kwenye mlango. Nikaenda nikaifunga ile balbu nyuma ya kamusi. Nasema wazi kwamba niliifunga mimi, usije ukamlaumu yeye peke yake.

Na wallahi, tuligeuka wambea. Jicho akifungua mlango, balbu inawaka. Akichemsha maji, inawaka. Akifungua dirisha, inawaka, na kwenye kompyuta linatokea jina la tukio na saa yake. Mama yake alikuwa anaitazama huku anajifanya anasoma. Jumatano mlango ukafunguliwa saa nane mchana, wakati mtu yuko kazini. Mke wangu akavaa viatu, akatoka mbio mpaka kona ya mtaa wa Jicho, akarudi anahema. "Nimemwona kwa mbali, alirudia mwavuli," alisema, akaketi kana kwamba hakutoka. Nikamwambia aache. Dakika mbili baadaye mimi ndiye niliyekuwa nauliza, "Bado hajarudi?" Yaani nilifika mahali siwezi kunywa chai bila kuitupia jicho ile rafu.

Jumamosi mchana Jicho akaja. Alikuwa na mwongozo kwenye jalada na kalamu nyekundu sikioni. Akasalimia, akakaa, akakataa chakula.

"Siku niliyohamia nilisajili taa yangu ya mlango," alisema. "Nilifuata ukurasa wa tatu, neno kwa neno. Ikanipa namba." Akafungua ukurasa wa tisa, akaugeuza umwelekee mama yake. "Hapa umeandika wa kwanza hupewa moja."

"Ndiyo."

"Mimi nilipewa mbili."

Mke wangu akausogeza ule ukurasa karibu. Alikuwa amesahau! Miezi saba ya kupanga namba hizo kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya kujiingiza kwa siri hakukumbuka kwamba na yeye atahesabiwa.

"Nimeurudia mwongozo mara tano," Jicho aliendelea. "Wiki nzima nikidhani nimekosea mimi. Sikukosea. Kwa hiyo ama ukurasa wa tisa una kosa, ama chumbani kwangu kuna mtu kabla yangu." Akaitoa kalamu sikioni, akaiweka juu ya karatasi. "Kama ni kosa, sahihisha."

Mke wangu akaichukua kalamu. Nami nikajua anachotaka kufanya, maana miaka ishirini na sita ya ndoa si mchezo. Kilichohitajika ni neno moja tu. Akate moja aandike mbili, aseme mwanangu umeona mbali, nilipitiwa, na mambo yaishe hapo hapo. Balbu ingebaki, mtoto angeondoka ameridhika. Ncha ikagusa karatasi, ikaacha nukta nyekundu. Nukta ile ipo hadi leo, nimeiona.

Akaiweka kalamu chini.

"Ukurasa wa tisa hauna kosa," alisema kwa mikono peke yake, bila sauti. "Namba moja ni mimi."

Jicho akamtazama. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu anajua balbu hazijifungi zenyewe. Nikatazama sakafu, mzee mzima. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akasogeza kamusi, akaiona. Alirudi akasimama mbele ya mama yake, na mikono yake ilikwenda taratibu sana.

"Uliniandikia kurasa arobaini ili nisihitaji kumuuliza mtu. Nikaziamini zote."

Akaondoka. Mlango hakuubamiza, hana mazoea hayo, kishindo hakimpi faida yoyote. Wali ukapoa mezani. Baada ya robo saa balbu ikawaka. Alikuwa amefika kwake. Hapo ndipo Mama Jicho alipolia.

"Niing'oe?" nilimwuliza.

"Usiguse. Nikijitoa kimya kimya nitakuwa nimeficha mara ya pili."

Jumatatu akaenda kumwambia mkuu wake asimamishe toleo. Yule bwana akashika kichwa. Watu wanasubiri, majaribio yote yamepita, shida iko wapi? Mke wangu akamwambia anayefunga kifaa anaweza kujisajili kwenye maisha ya mtu na mwenyewe asijue. Akaulizwa umejuaje. "Nimefanya," alijibu, mbele ya kikao kizima. Aliponisimulia nilitaka kumbeba mgongoni nimzungushe mtaani. Mimi nisingeweza. Mimi ningesema nimesikia kwa watu.

Akapewa siku sita. Alianza na mwongozo, kama kawaida yake, kurasa mbili mpya. Lakini kiti cha Jicho mezani kilikuwa kitupu, ikabidi anijaribie mimi peke yangu, na mimi si mjanja kiasi hicho.

"Baba Jicho, ukitaka kujua ni akina nani wanaambiwa habari zako, utaulizaje?"

"Nitauliza: nani?"

Akaandika: nani. Ukiitoa amri hiyo unaletewa orodha nzima, namba ya kila mtu, siku aliyosajiliwa na aliyemsajili. Ukurasa wa pili ukasema kwamba hakuna anayeongezwa kwenye orodha mpaka mwenye nyumba akubali. Kwa desturi yake kila ukurasa lazima uwe na mfano chini. Nilipousoma ule mfano nilihisi uso unaniwaka. Alikuwa ameandika: Moja, Mama, amesajiliwa na Mama, bila idhini. Mbili, taa ya mlango, imesajiliwa na mwenye nyumba.

"Wenzako watasoma hii," nilimwambia.

"Wasome."

Alhamisi kurasa nilizipeleka mimi. Nilibonyeza kitufe cha Jicho, na kupitia pazia nikaona taa ndani inawaka, ile niliyoifunga kwa mikono yangu. Nikajikuta namkumbuka yule mtoto wa miaka saba anayekohoa. Akafungua, akaniamkia vizuri, hakunikaribisha. Nikampa bahasha.

"Mama anasema hajajitoa. Amri ya kumtoa ni yako."

Akaipokea. "Na mimi pia," nilisema. "Balbu niliifunga mimi."

"Najua mkono wako, baba. Umeifunga vizuri."

Njia nzima nikawa najiuliza kama hilo lilikuwa tusi.

Kesho yake balbu haikuwaka asubuhi. Mchana haikuwaka. Jioni mke wangu aliisogelea, akaikaza kidogo, akaangalia waya, kisha akakaa. "Amesema inatosha," alisema.

Tulikaa hivyo siku nane. Nilitaka kuitoa, akakataa. Alikuwa anaifuta vumbi kama anavyofuta picha ya harusi. Toleo nalo halikutoka, kwa sababu Jicho hakuwa amerudisha marekebisho, na mke wangu aliapa kwamba ukurasa ambao Jicho hajausoma hauendi kwa mtu. Zile siku sita zikaisha, mkuu wake akapiga simu mara tatu. Mimi nilitamani kwenda kwa binti yangu nikapige magoti. Lakini kwake ni kwake, tulikuwa tumeshapeana mikono.

Siku ya tisa, asubuhi, nilipita mbele ya kiwanda nikienda kwenye kazi, Jicho akanikimbilia getini na bahasha. "Marekebisho," alisema, akageuka kurudi ndani. Nikaitia kwenye mkoba wa vifaa, kati ya koleo na utepe wa waya. Halafu nikapanda kwenye dari la mtu, nikakuta huko panya wamekula nyaya zote, na mpaka naosha mikono jioni bahasha ilikuwa imenitoka kichwani. Nitukane tu, nimestahili.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nafungua kamba za buti. Mama Jicho yuko mezani kwake. Balbu ikawaka: fupi, fupi, ndefu.

Akaruka kwenye kiti. "Hakuna tukio la hivi! Sijaandika tukio la hivi!" Kiatu kimoja kilikuwa tayari mguuni, anatafuta cha pili chini ya meza. "Ni moshi, Baba Jicho, kifaa cha moshi kimeharibika, lete nyundo!"

Nyundo. Nikaufuata mkoba, mkono ukagusa nyundo, na pembeni ya nyundo ukagusa bahasha. Lo! "Ngoja," nilisema. "Ngoja kwanza, mama. Nisamehe. Ngoja." Nikaumwaga mkoba mzima sakafuni.

Aliichana ile bahasha akiwa amesimama. Kurasa zilikuwa nyekundu tupu. Jicho alikuwa amesahihisha mpaka nafasi kati ya maneno. Kwenye ule mfano, kando ya bila idhini, aliandika: Sahihi. Na nyuma kabisa kulikuwa na ukurasa wa mkono, umepangwa kwa mpangilio ule ule anaoutumia mama yake.

Tukio: nimefika.
Anayetangaza: mimi, nikipenda.
Taa: fupi, fupi, ndefu.
Maana: nimerudi kwangu, ni mzima. Usije.
Mwambiwa: Mama.
Aliyemsajili: mimi mwenyewe.
Namba: moja.

Mke wangu alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye mstari wa mwisho, akaushikilia kwa kidole.

"Haiwezekani," alisema. "Namba yangu aliirudisha. Ikisharudishwa haipewi mtu tena. Nimeandika mwenyewe, ukurasa wa tisa."

"Labda ukurasa wa tisa una kosa," nilimtania, maana nilikuwa naogopa kulia.

"Hauna kosa." Alijifuta macho kwa mkono wa gauni. "Amefuta zote, Baba Jicho. Mlango, moshi, maji, zote alizozisajili. Akaanza upya, akaniweka mimi kabla ya mlango wake."

Nikamwambia twende tukamwone mtoto. Akatikisa kichwa, akanionyesha karatasi, palipoandikwa usije. Akakaa, akavua kile kiatu kimoja.